Mpangaji na Udongo Wake

Profesa wa udongo aliyepanga kwa Glafira, kando ya mto Oskol, alikuja mezani na kucha nyeusi kila siku. Asubuhi alishuka kwenye shimo alilochimba katikati ya viazi vya mama huyo, akaonja udongo kama mpishi aonjavyo mchuzi, kisha akaudondoshea tindikali na kutega sikio. Udongo wenye chokaa huchemka, na ukame ukizidi, chokaa hupanda kutoka chini kuelekea juu. Mwaka huo mvua iligoma, majani ya viazi yakasokotana kama tumbaku. "Imepanda, Mama Glafira! Imepanda!" alishangilia shimoni kama aliyeletewa mjukuu. "Na viazi vyangu je?" "Usijali! Miaka elfu nne iliyopita ilikuwa hivihivi. Mvua ilirudi, na msitu ukarudi." "Baada ya muda gani?" "Karne mbili tu."

Jioni Glafira akamwandalia bonge la udongo, alilolichota juu kabisa ya tuta, akalimwagia maziwa mgando. "Karibu chakula, Profesa. Si unasema duniani hakuna udongo mtamu kama wetu?" Profesa akapangusa maziwa kwa kidole, akatoa kichupa mfukoni, akadondosha tone. Bonge likachemka. "Loo! Imefika juu kabisa!" akasema, macho yakimng'aa, na akaomba aongezewe.