Mwega wa Wiki Moja

Boriti ya chumba cha mama mkwe ilipopasuka, fundi seremala aliifunga kwa waya, akaiwekea nguzo ya kuishikilia. Mafundi wenzake huiita nguzo kama hiyo mwega, wengine mhimili. Yeye alimwambia, "Ni ya wiki moja tu, mama." Mwaka wa tatu ukaingia, naye yuko mbioni kuezeka nyumba za watu.

Leo alipopita kumjulia hali, alikuta kitanda kimehamishiwa jikoni.

"Mama, mbona unalala huku?"

"Huku nalala usingizi, namshukuru Mungu. Kule waya hulia kila upepo ukivuma. Sikutaka kukusumbua, baba, una kazi nyingi."

Fundi uso ukamshuka. Hakukaa. Alikwenda karakana kuchukua boriti aliyomchongea mteja wake wa kesho.