Mimea Isiyotaka Maji

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika chai, mtumishi wa nyumba ile ya Bawshar, katika nchi ya Kiarabu, huibonyeza mimea ya barazani kwa kidole gumba, jani moja moja, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Ni mimea mifupi ya nchi za baridi, majani yake manene yamefungana kama waridi. Mwajiri wake, Radhia, aliileta kutoka Uingereza, akarudi huko kazini na kumwachia agizo moja: theluji haiiui, kinachoiua ni maji. Jani likiwa gumu, mtumishi hushusha pumzi. Likiwa laini, hufuta mikono kwenye kanga mara tatu, hata kama ni mikavu. Wiki hii amefuta sana. Mkataba wake unakwisha mwezi ujao, na kila kukicha udongo unaamka umelowa, ilhali yeye hajaumwagia hata tone.

Leo amewahi kutoka, akamkuta bibi, mama yake Radhia, ameinama juu ya vyungu na birika lake la udhu.

"Nna huruma nayo, mwanangu," bibi akanong'ona. "Kiumbe hai hanyimwi maji. Usimwambie Radhia, atanigombeza."

Papo hapo simu ikalia. Radhia anataka kuiona mimea yake. Mtumishi akaelekeza kamera kwenye vyungu tu.

"Mbona imeoza? Nani kaitia maji?"

Pembeni, bibi akalificha birika nyuma ya mgongo. Mtumishi akafuta mkono kwenye kanga, safari hii mara moja.

"Ni mimi, madam."