Bakuli la Bosi

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Gakindu nikiwa na cheti changu cha chuo kikuu, nimekifunga ndani ya gazeti kisikunjike. Njia nzima niliogopa kwamba kimekunjika. Kabla hata sijaketi, nikaona bakuli jeupe la bati, rangi ya bluu imebanduka ukingoni, limewekwa nyuma ya jiko na kuku wanakunywa maji humo. Nikasimama palepale. Niliogopa kama nilivyoogopa asubuhi moja nikiwa na miaka tisa. Wewe unayenijua utasema mimi huogopa kila kitu. Ni kweli, lakini asubuhi hiyo nilikuwa na sababu.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yakakauka shambani, na tukawa tunakula unga wa manjano ulioletwa kwa magunia. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Cucu, alisonga ugali wake huku akiununia kama mgeni asiyemtaka. Watu wazima walilalamika tumbo. Bosi, mbwa wetu, hakuweza kulalamika. Yeye aliharisha tu, akatapika, akalala chini ya ghala la mahindi lililokuwa tupu, mbavu zake zikihesabika. Ndiye aliyenisindikiza kila asubuhi nikipeleka maziwa, akitangulia kwenye njia ya katikati ya shamba la kahawa ambako niliogopa nyoka. Sikuweza kufikiria njia hiyo bila yeye.

Mzee aliyekuwa akifagia bucha ya Gakindu alinikuta nikilia na mtungi wangu wa maziwa. Zamani, kabla ya Uhuru, kazi yake ilikuwa kulisha mbwa wa mzungu mmoja karibu na Nanyuki, na watu walimcheka kwa hilo. Walisema amesomea mbwa. Hakujali. Aliniuliza Bosi anakula nini, anaharisha rangi gani, anakunywa au hanywi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali kwa uzito namna hiyo.

"Wachana na hiyo unga," akasema. "Leo mpe maji peke yake. Kesho supu ya mifupa, bila chumvi. Kesho kutwa kipande cha matumbo, mbichi, kidogo kama ukucha wako. Ukiona tumbo limetulia, ongeza kidogo. Akiharisha tena, rudi kwa supu. Usiharakishe."

Nikamwambia nyumbani kwetu mbwa hapewi nyama mbichi. Hilo kila mtu alilijua. Mbwa akionja damu, anaanza kutazama mbuzi na kondoo kwa jicho lingine, na siku akiua mnyama wa mtu, naye huuawa, hakuna kesi. Cucu alikuwa amekataza hata maganda ya mayai yasitupwe mahali mbwa atayapata.

Mzee akainama mpaka nikanusa tumbaku yake. "Ndiyo maana unakata ndogo ndogo. Unaweka kwa bakuli. Hata siku moja usimtupie chini. Asijue nyama iko na miguu."

Nilifanya alivyosema, kwa siri. Kila asubuhi mzee alinifungia vipande katika jani la mgomba, nami nikavificha ndani ya mtungi mtupu nikirudi. Nyuma ya jiko nilivikata kwa kisu cha viazi, nikaviweka katika bakuli, nikamwita Bosi kwa jina. Kipande kama ukucha. Siku iliyofuata viwili. Siku ya nne akaharisha tena, nikarudi kwa supu huku nikiwa na hakika kwamba nimemuua. Halafu, polepole, tumbo lake likatulia. Akaanza kukaa kando ya bakuli kabla sijamwita. Mkia ukarudi kazini.

Lakini kadiri alivyopona, ndivyo usingizi wangu ulivyopotea. Usiku mbwa wote wa kijiji walifunguliwa walinde maboma. Mimi nililala nikisikiliza kondoo wa ng'ambo ya mto. Kondoo akikohoa, nilihesabu: huyo ni Bosi. Mchana nilimchungulia machoni nione kama yamebadilika. Nikimkuta anatazama mbuzi wetu, nilikaa katikati yao.

Kisha ikafika Jumamosi moja, na mjane wa ng'ambo ya mto akalia. Hakulia kwa muda mrefu. Sauti yake ilivuka bonde mara moja, na baadaye tukasikia maneno: mwanakondoo, shingo, mbwa. Cucu alikuwa jikoni akichambua maharagwe kwa ajili ya githeri, ayachemshe pamoja na mahindi machache ya kuomba. Akasema, "Maskini mama huyo," akaendelea kuchambua. Mimi nilienda nyuma ya jiko. Bosi alikuwa kando ya bakuli lake, na kidevu chake kilikuwa na damu.

Nilikuwa nimempa kipande cha ini, si matumbo, asubuhi ile. Hilo nalijua. Lakini hata wakati ule, nikiwa nimesimama pale, sikuweza kukumbuka kama damu ilikuwepo kabla ya ini au baada yake.

Walishaanza kupita boma kwa boma. Niliwaona upande wa pili wa kahawa: mwalimu wangu wa darasa, mjane aliyebeba gunia, na kijana wake mwenye panga. Mwalimu alikuwa na rula ya mbao ileile aliyotuchapa nayo vidole. Kwa rula hiyo aliinua midomo ya mbwa, akatafuta sufu ya kondoo katikati ya meno, akanusa.

Basi nikafanya jambo ambalo akili yangu iliona ni la busara kabisa. Nikachukua kipande cha sabuni ya Cucu, nikamchotea Bosi maji kwenye pipa, nikamwosha kinywa. Nilimsugua meno, ulimi, ufizi, kidevu. Alivumilia, maskini, akiniangalia kama mtu anayenyolewa. Nilikuwa bado nasuuza nilipowasikia wakibisha hodi, nikamwachilia.

Bosi akatoka kuwapokea wageni. Povu lilikuwa limejaa midomoni, linadondoka hadi kifuani, naye anatikisa kichwa na kuyumba akijaribu kuitoa ile ladha.

Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. Kijana wa mjane hakupaza sauti. "Huyu ako na kichaa," akasema. "Si walisema amekuwa mgonjwa, ati hakuli? Mwalimu, toka hapo." Akainua panga.

Nilitaka kusema. Kama nikinyamaza, atakatwa kwa kichaa. Kama nikisema kwa nini nimemwosha, atakatwa kwa kondoo. Niliyapima mambo hayo mawili, nikayapima tena, na panga lilikuwa juu.

Cucu akatoka jikoni, maganda ya maharagwe yakiwa bado kwenye leso yake. Hakukimbia. Akampita kijana, akainama, akamfuta Bosi kidevu kwa kidole, akakinusa.

"Hii ni sabuni yangu," akasema.

Akakifuta kidole kwenye leso.

"Tangu lini mbwa wetu ananuka kama shuka?" Akanigeukia mimi, mjukuu wake wa kike, ambaye siku zote aliniita mama. "Mama, njoo hapa."

Nikaja. Nikasema yote: mzee, supu, ukucha, matumbo, ini, damu. Nilipomaliza, Cucu alikuwa amekaa juu ya jiwe la kufulia, na niliona ameogopa kuliko mimi. Alijua nilichokuwa nimesema. Nilikuwa nimemtoa Bosi kwenye kichaa na kumweka kwenye kondoo.

"Mbichi," akasema mwalimu.

"Ni yule mzee wa mbwa za wazungu," kijana akasema. "Mwenyewe angefaa kufungwa mnyororo."

Mjane ndiye aliyefungua gunia. Alikuwa mwanamke mfupi, asiye na maneno mengi. "Tusibishane," akasema. "Kama ni yeye, atarudia chakula chake." Akamlaza mwanakondoo kwenye nyasi, hatua tatu kutoka kwa Bosi. Nakumbuka masikio yake, jinsi yalivyokuwa madogo.

Bosi akanyoosha pua. Akapiga chafya, na kiputo cha sabuni kikaruka. Akanitazama. Kisha akageuka, akazunguka nyuma ya jiko, nasi tukamfuata wote, pamoja na panga. Alikuwa kando ya bakuli lake tupu, ameketi vizuri, anangoja.

Tulingoja pamoja naye.

Mjane akatoa sauti ndogo puani. "Anataka kuwekewa kwa sahani," akasema. "Kama D.C. mwenyewe wa wilaya."

Kijana akashusha panga. Mwalimu akanipa rula yake, iliyojaa mate ya mbwa wa kijiji kizima. "Ioshe na hii," akasema, "kwa vile umejua kuosha."

Wakaendelea na maboma mengine, na hadi jioni hawakumpata mbwa wa kumlaumu. Cucu hakunichapa. Alikaa juu ya jiwe lile mpaka githeri ikashika chini, kisha akasema tu kwamba siku nyingine nikianza kumtibu mtu humo ndani, nimwambie kwanza. Asubuhi iliyofuata alinisubiri nirudi na mtungi. Akafungua jani la mgomba mwenyewe, akavikata vipande vile kwa kisu chake, vidogo kuliko nilivyokuwa nikivikata mimi.

Bosi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mzee wa bucha alitangulia kufa, halafu Bosi, halafu Cucu, nikiwa kidato cha sita. Bucha yenyewe sasa ni duka la mbolea. Jina hilo la D.C. lilimkaa Bosi, na wiki iliyopita nilipoenda kumsalimia mjane, amezeeka, haoni vizuri, hilo ndilo la kwanza aliloniuliza.

"Yule D.C. wenu," akasema, akicheka. "Hata nyama ya bure alikataa."

Nikacheka naye. Sikumwambia.

Kwa maana niliposugua yale meno, kitu kilinibaki kwenye kidole gumba: uzi mmoja mweupe. Nilikuwa na haraka. Niliupangusa kwenye shina la mgomba, maji yakauchukua. Mwanakondoo alikuwa na sufu nyeupe. Matumbo nayo huacha nyuzi nyeupe, hilo najua. Nimeenda bucha nyingi tangu wakati huo nikayatazama. Ini haliachi. Najiambia ulikuwa uzi wa matumbo ya jana yake. Najiambia kwamba mbwa mwenye kinywa kilichojaa sabuni hawezi kula chochote, kwa hiyo kumwacha kondoo hakuthibitishi jambo, upande huu au ule. Halafu najiambia kwamba alienda kwenye bakuli, na mwenye hatia hangeenda. Wala aliyeshiba.

Siku ile niliporudi, nilimwaga maji ya kuku, nikalipangusa bakuli kwa upindo wa sketi yangu ya mahafali, nikaligeuza huku na huku kwenye mwanga. Lilikuwa safi. Nilikuwa nimeosha vizuri mno.