Usaili wa Neema niliofanya mimi

Jamani, leo nimefanya usaili wa kazi ya Oman ambayo sikuiomba.

Mwombaji ni mpwa wangu Neema, fundi sanifu ujenzi hapa Kasulu. Nilikaa kando ya simu nimwombee kimyakimya tu.

Wakala wa ajira akauliza kwa video: "Zege likifika kwenye ujenzi limeanza kuganda, utafanyaje?"

Kabla Neema hajafungua mdomo, nikaingiza kichwa kwenye kamera. "Kwanza tuelewe saruji ni nini..."

Nikaeleza mpaka nikafika kwenye chokaa.

"Asante, mjomba," Neema akasema taratibu. "Sasa niache nijibu." Akajibu: analikataa, linarudi na gari lake.

Nikajua nimemkosesha kazi.

Kumbe wakala anacheka. "Neema, umepita. Msimamizi wa kule yuko kama mjomba wako, anaingilia kila kitu. Mafundi wote wanamkimbia, lakini wewe umeonyesha unaweza kumtuliza."

Nisaidieni: hapo nimesifiwa?