Prosesa ya Bei Mbaya Mbagala

Juzi nilipeleka kompyuta yangu kwenye duka la fundi Mbagala. Nilimkuta mwenye duka, mama wa makamo, akibishana na mdogo wake wa kiume ambaye ni mshirika wake. Ugomvi ulikuwa juu ya prosesa moja kwenye kabati la kioo, ile ya bei mbaya inayotafutwa na wapenzi wa kompyuta wachache tu.

"Dada, huku watu wananunua chaja. Nani ataichukua hiyo?"

"Mmoja ananitosha," alijibu huku akifuta kioo. "Na bei haishuki."

Akaingia binti anayehariri video za harusi, katokea Kunduchi. "Shikamoo mama. Ile prosesa mnayo kweli, au ni picha tu ya mtandaoni?"

"Marahaba. Njoo uishike."

Binti aliipokea kwa mikono miwili. Alikopita kote aliambiwa haina soko, hawaiweki. Akainunua, pamoja na memori na feni, akaahidi kuwaleta wenzake.

Mdogo mtu alikohoa. "Dada, tuagize nyingine?"

"Nishaagiza."

Sie wafanyabiashara wengine tunauza anachouza jirani, halafu tunalalamika wateja wameisha.