Lahani Aliyoiomba Mama Mariamu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, wiki ya tatu baada ya Pasaka, niliposimama mbele ya jeneza la Mama Mariamu nikaharibu jambo lisilorudiwa. Jana ulikuja kunionyesha simu yako, watu mia ngapi sijui wamependa ulivyoimba msibani. Leo kaa nikwambie, na hiyo simu itie mfukoni.

Wakati huo nilikuwa shemasi kijana katika kanisa letu la Kikopti, la Wakristo wa asili ya Misri, hapa Hounslow. Mchana napakia mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, jioni nakwenda kujifunza kwa Mwalimu Girgis, Mmisri aliyeishi Nairobi miaka mingi akaoa huko. Huyo mkewe ndiye Mama Mariamu. Kitabu chetu cha nyimbo unakijua: kina maneno, na juu ya kila wimbo kimeandikwa uimbwe kwa lahani gani, yaani mahadhi gani, ya huzuni, ya furaha au ya siku za kawaida. Lahani yenyewe haimo. Hiyo anayo mwalimu, na anakupa kwa mdomo, akikupigia mapigo gotini kwa vidole mpaka goti liume.

Mimi niliipenda ya huzuni. Silabi moja unaivuta mpaka wanaosikiliza wanasahau neno lilikuwa lipi. Ijumaa Kuu ya mwaka ule niliiimba, wanawake wakalia, nami nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Mama Mariamu alikuwa hospitalini, na alijua haponi. Sisi katika siku hamsini za baada ya Pasaka hatuimbi huzuni, hata kwa maiti. Akamwambia mumewe, "Nikifa ndani ya hamsini, nimebahatika. Niimbieni furaha, na matoazi mpige." Alipofariki, Mwalimu alinipigia simu.

"Mimi sitaweza, mwanangu. Imba wewe. Lahani ya furaha, umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Nilisikia, ila sikutaka. Kanisa lingejaa Wakenya wenzangu kutoka Woolwich na kwingineko, wengi wao si Wakopti. Nitawaimbiaje furaha juu ya jeneza, wanione punguani? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka walie. Nikafungua kitabu, juu ya ukurasa wa maziko pameandikwa huzuni, nikashika maikrofoni nikaanza.

Mwalimu alikuwa kiti cha mbele. Aliinua kichwa, halafu akaanza kuimba kwa sauti yake ya kizee, lahani ya furaha, peke yake, akijaribu kunirudisha. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaongeza sauti. Akaendelea kidogo, akashindwa, akanyamaza.

Nje watu walinipa mkono. "Kaka, leo umetutoa machozi. So beautiful," mmoja akaniambia. Mwalimu alikuja wa mwisho.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kitabu kimeandika huzuni, Mwalimu."

"Nilikwambia kwa mdomo wangu. Alikuwa mke wangu, na aliomba kitu kimoja tu."

Hakunifundisha tena. Kila Jumapili alikuja, akaketi nyuma, na kila nilipoanzisha wimbo alifumba mdomo. Mimi nami nikangoja aanze yeye kusema, utadhani yeye ndiye aliyenikosea. Miaka sita, mwanangu. Akafa hatujasemezana. Nyimbo ambazo hakuwahi kunifundisha amekwenda nazo, ndiyo maana hata wewe nakufundisha nusu. Ukiona nina hasira ninapokufundisha, usidhani nakukasirikia wewe.

Basi sikia. Ukiitwa kuimba msibani, uliza kwanza marehemu alitaka nini, kisha imba hicho, hata kama wote watakushangaa na hakuna atakayekusifu. Machozi ya watu yasikudanganye. Mimi niliwaliza watu kanisa zima, na yule mama hakupata alichokiomba. Na ukimkosea mtu, mwendee siku hiyohiyo, ukiwa bado na aibu. Ukichelewa, utaanza kujitafutia sababu, na utazipata.

Mungu akuzidishie hiyo sauti, mwanangu. Na siku utakapomsikia mzee akiimba chini ya sauti yako, Mungu akupe moyo wa kunyamaza.