Mnyonya Damu Kwenye Kizuizi cha Musaga

Juzi, katika vita hivi vya makabila, kwenye kizuizi cha Musaga, mwanajeshi alichomoa kitabu kwenye mfuko wa mwanafunzi mmoja. Ilikuwa hadithi ya kale ya Ulaya, na jaladani alichorwa bwana wa kasri mwenye meno marefu.

"Huyu ni nani?"

"Mufu, shefu. Anatokaga kaburini kunyonya watu damu."

"Watu ya kabila gani?"

Sote tuliokuwa mstarini tulirudi nyuma hatua moja, hata mimi nisiyeogopa kitu. Akikosea jibu, kijana harudi kwao.

"Haulizagi, shefu. Ananyonya kila mutu."

Mwanajeshi alicheka mpaka bunduki ikatikisika begani, akamrudishia kitabu. "Pita. Huyu mufu wako hawezi kazi yetu."

Na hicho, wasomaji wangu, ndicho Wazungu walichokiita kitabu cha kutisha. Bwana huyo mimi ningempangisha chumba.